Kusasisha programu za Nissan Leaf ukiwa Unguja au Pemba: mwongozo kamili

Gari yangu ni Nissan Leaf ya 2016, ile ya betri ya kilowati-saa 30, na chasisi yake inaanza na AZE0. Ilipoteremshwa bandarini Malindi ilikuwa na vijiti 11 kati ya 12 kwenye kipimo cha uhai wa betri. Mwaka mmoja na nusu baadae vikabaki tisa. Kila niliyemuuliza aliniambia betri imekwisha, nitafute nyengine. Haikuwa imekwisha. Kasoro ilikuwa kwenye programu ya kontroli boksi ya betri, ambayo ikihesabu vibaya, na kiwanda kilikwisha kutoa sasisho la kuirekebisha zamani. Kulipata sasisho hilo kulinichukua miezi minne na gereji mbili, na kwa wiki tatu katika hiyo miezi gari ililala bila ya kuwaka.

Naandika njia nzima, pamoja na pale nilipokosea. Nimeiandika kwa Leaf kwa sababu ndiyo ninayoijua, lakini utaratibu wa kujua namba kwanza na kuchomeka kompyuta baadae unafaa kwa karibu kila gari ya umeme iliyotumika inayotufikia kutoka Japani.

Sasisho lipi tunalolizungumza

Ndani ya gari ya umeme mna kompyuta ndogo nyingi, ambazo mafundi wetu huziita kontroli boksi. Kwenye Leaf zilizo muhimu ni ile inayosimamia gari nzima (VCM), ile ya betri kubwa (LBC), ya breki, na ya kuchajia. Kila boksi ina programu, na kila programu ina namba yake. Sasisho, au apdeti kama wasemavyo wengi, ni kuitoa programu ya zamani na kuandika mpya mahali pake.

Gari za Tesla zimekuwa zikipokea programu kupitia mtandao tangu 2012, mwenyewe umelala. Leaf tunazoletewa haziko hivyo. Boksi za mwendo na betri husasishwa kwa waya, kompyuta ya fundi ikiwa imechomekwa chini ya usukani. Kifaa cha mawasiliano kilichomo ndani kimefungwa na mtandao wa simu wa Japani, kwa hiyo huku hakisaidii kitu. Ramani ya Kijapani iliyomo kwenye skrini nayo iache. Ni ya barabara za Japani, na pesa ya kuisasisha ni pesa iliyopotea.

Kwa nini kiwanda kitoe programu mpya? Nitatoa mifano mitatu, kwa sababu inaonesha tofauti ya uzito. Mwaka 2011 baadhi ya Leaf za mwanzo ziligoma kuwaka kwa sababu kihisi cha kiyoyozi kilikuwa kikipiga kelele bila ya hitilafu yoyote, na programu mpya ikamaliza tatizo. Mwaka 2018 kikundi cha wenye gari za umeme huko New Zealand, Flip the Fleet, kilikusanya vipimo vya gari zao kikaona jambo la kutisha: Leaf za betri ya 30 zilipofika miaka miwili zilikuwa zikionesha kupoteza kama asilimia 9.9 ya uwezo kwa mwaka, wakati za betri ya 24 zilipoteza 3.1 tu. Nissan ikaja kueleza kwamba betri zilikuwa salama na kosa lilikuwa kwenye hesabu ya boksi, ikatoa programu ya kurekebisha. Hii ndiyo iliyoihusu gari yangu. Mfano wa tatu ni wa usalama hasa: mwaka 2024 nchini Marekani Nissan iliziita zirudi kurekebishwa karibu Leaf 24,000 za miaka ya 2019 na 2020 kwa sababu betri zingeweza kupata moto mkali zikichajiwa kwa chaja ya kasi, hata kuwaka. Wenye gari waliambiwa wasiguse chaja ya kasi mpaka sasisho litoke.

Lakini sasisho halifufui betri iliyochoka. Betri ya Leaf haina maji wala feni ya kuipoza, na joto la kaskazi, Disemba mpaka Machi, linaila kweli. Seli iliyokufa itabaki imekufa hata ukiandika programu mara kumi. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta fundi lazima ujue umo katika kundi lipi.

Hatua ya kwanza: namba ya chasisi

Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 ambayo tovuti za Ulaya na Marekani huitaka. Ina namba fupi: herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. ZE0 ni Leaf za mwanzo, AZE0 zilifuata mwishoni mwa 2012, na ZE1 ni zile za umbo jipya zilizotoka 2017, za betri ya 40 na baadae 62. Utaikuta kwenye kibati chini ya boneti, kwenye karatasi za Japani zilizokuja na gari, na kwenye kadi ya gari. Zilinganishe zote tatu. Kwenye kadi yangu tarakimu moja ilikuwa imekosewa, na nilipoteza wiki nzima nikitafuta gari ambayo si yangu.

Ukishakuwa nayo, ingia kwenye tovuti ya Nissan ya Japani, sehemu ya gari zilizoitwa kurekebishwa. Simu yako itakutafsiria ukurasa vizuri tu. Andika namba kama ilivyo na utaambiwa kama gari yako imo. Wajapani wanagawa wito wao katika mafungu matatu: wito wa lazima wa usalama, hatua za kuboresha, na kampeni za huduma. Masasisho mengi ya programu yamo kwenye fungu hili la tatu, ambalo watu hulipita bila ya kulisoma. Lisome. Piga picha ya skrini na uihifadhi, kwa sababu fundi utakayempata ataitaka.

Usichukue wito wa Marekani au Uingereza ukauhesabu kuwa ni wako kwa sababu tu mwaka wa gari unafanana. Wito hufuata chasisi.

Hatua ya pili: pima gari mwenyewe

Tafuta kidude cha OBD cha Bluetooth, yaani kile kinachosoma kompyuta za gari, na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Kidude kinachomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani. Vipo vya bei rahisi sana sokoni, na baadhi yao havisomi Leaf sawasawa: vinaunganika, kisha namba zinagandia. Kama unaweza, azima kwanza kwa mwenye Leaf mwenzio kilichothibitika.

Chaji gari mpaka mwisho, iache ipumzike, kisha washa na uandike haya: SOH, ambayo ni asilimia ya uhai wa betri; AHr, yaani uwezo kwa ampea-saa; kilomita; na grafu ya jozi 96 za seli. Kisha endesha mpaka chaji ibaki kidogo, chini ya asilimia 20, na upige picha ya grafu ile tena. Picha hii ya pili ndiyo yenye maneno. Ikiwa jozi zote 96 zimesimama karibu sawa, zikipishana kwa milivolti chache, seli zako ziko pamoja. Ikiwa moja au mbili zimezama mbali chini ya wenzao, milivolti mia au zaidi, tatizo lako ni seli, na sasisho halitakusaidia.

Gari yangu ilisema SOH 71. Nilikwenda Nungwi na kurudi Fuoni, nikazungukazunguka mpaka skrini ikaonesha imebaki kidogo sana, kisha nikafungua grafu. Vijiti vya seli vilikuwa vimesimama sawa kama meno ya kitana, na volti zake zilikuwa juu mno kwa betri inayodai kuwa karibu na tupu. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba hesabu ndiyo iliyopotea.

Ukiwa na LeafSpy Pro, soma pia misimbo ya hitilafu, ambayo mafundi huiita kodi. Iandike yote kabla hujaifuta. Fundi atakayeikuta gari imeshafutwa kodi hana pa kuanzia.

Hatua ya tatu: betri ndogo

Nitakaa hapa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo gari yangu ilipozimika.

Watu hudhani gari yenye betri ya volti mia tatu na zaidi chini ya viti haiwezi kuhangaishwa na kibetri cha volti 12 kilichomo kwenye boneti. Kumbe kontroli boksi zote zinaishi kwa kibetri hicho. Wakati wa kuandika programu gari huwashwa bila ya kuingia hali ya kuwa tayari kwenda, kwa hiyo betri kubwa haikichaji. Kompyuta zote ziko macho, zinakula, na hakuna kinachorudi. Volti zikishuka katikati ya maandishi, boksi inabaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, maana yake haina programu. Maelekezo ya kiwanda yanataka volti zibaki kati ya 12.0 na 15.5 kwa muda wote wa kazi.

Gereji ya kwanza niliyokwenda haikunitajia habari hii, nami sikuuliza. Kibetri kilikuwa ni kile kile kilichotoka Japani na gari. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, taa ya ndani inawaka, feni inazunguka kwa sababu kulikuwa na joto. Mstari wa kazi kwenye laptopu ulifika kama asilimia 60 ukasimama. Taa za dashibodi zikaanza kupwesa, zikawaka zote kwa pamoja, kisha zikafifia. Kijana aliyekuwa akifanya kazi akachomoa waya. Gari haikuingia tena hali ya kuwa tayari, na wiki tatu ilikaa pale pale chini ya muembe.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga gari usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, pima kibetri kwa mita: 12.6 na kuendelea ni kizima, 12.2 kimebaki nusu, chini ya 12 usiende nacho popote. Kisha washa taa kubwa dakika mbili, gari ikiwa haijawashwa, upime tena. Kikianguka haraka chini ya 12, kimechoka hata kama asubuhi kilionesha vizuri. Nunua kipya, kwani gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gari isiyowaka.

Angalia na vichwa vyake. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na gari inayolala Paje au Jambiani hupata ukoga wa kijani na unga mweupe kwenye vichwa vya betri haraka kuliko inayolala Mwera. Ukoga huo unakula volti hata betri ikiwa mpya. Fungua kwanza upande wa hasi, kisha chanya. Mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi soda, sugua kwa mswaki mkuukuu mpaka risasi ing'ae, suuza, kausha, funga ukianza na chanya, upake grisi. Fuata na waya wa hasi mpaka unapokazwa kwenye bodi, kwa sababu hapo pia huota kutu. Kichwa cha waya wangu kilikuwa kimelegea hata nikikizungusha kwa mkono.

Juu ya yote haya, siku ya kazi lazima kiwepo kifaa cha kushikilia volti: chaja inayotoa umeme uliotulia, kama 13.5 hivi, bila ya kupanda na kushuka. Zile chaja za gereji zinazovuma na kutikisa sindano ya ampea hazifai, kwani huweza kurusha volti juu kupita kiasi. Kuunganisha gari nyengine kwa waya wa kuamshia nako hakufai, kwa sababu volti zake hufuata injini.

Hatua ya nne: kumpata mwenye faili sahihi

Kifaa cha kiwanda kwa Leaf kinaitwa CONSULT-III plus. Ni programu ya kwenye laptopu pamoja na kiboksi kinachochomekwa kwenye gari. Faili za kuandikia hupakuliwa kutoka kwa Nissan kwa wenye usajili, na huchaguliwa kwa namba ya boksi iliyomo kwenye gari, si kwa sura ya gari. Hapa pana mtego kwetu. Gari zetu ni za soko la Japani, na namba zake haziwi zile za gari za Ulaya. Fundi mwenye data za Ulaya pekee anaweza kuisoma gari yako vizuri, akakosa faili yake. Akikuambia ataweka ya Leaf nyengine inayofanana, mshukuru na uondoe gari yako.

Anza kwa wakala rasmi, hata kama unajua gari yako hakuiuza yeye. Mpelekee chasisi, picha ya wito, na vipimo vyako. Usipokwenda na kitu mkononi jibu huwa ni kwamba gari hizi hatuzihudumii. Ukienda na namba, angalau kuna mtu atakayefungua kompyuta. Ikishindikana, tafuta fundi wa kujitegemea, wa hapa au wa Dar es Salaam, anayezifanyia kazi gari za umeme na mseto kila siku. Wengi hutumia vifaa vilivyoigwa na programu zilizovunjwa. Mimi kifaa cha kuigwa nakikubali kwa kusoma tu. Kwa kuandika sikikubali, kwa sababu kikipoteza mawasiliano sekunde mbili inayobaki na hasara ni gari yangu.

Ujumbe niliomtumia fundi wa pili, yule aliyeitengeneza, ulikuwa huu, na unaweza kuuchukua kama ulivyo:

"Assalamu alaykum fundi. Nina Leaf ya Japani, chasisi AZE0, betri ya 30, mwaka 2016. Naomba isomwe namba ya programu ya LBC, na kama kuna mpya iwekwe. Naomba kujua mambo manne. Kifaa chako kina usajili? Data zako zina gari za soko la Japani? Unacho kifaa cha kushikilia volti za betri ndogo? Na kazi ikikwama katikati, unaifanyaje?"

Alinijibu: "Waalaykumu salaam kaka. Bei tutazungumza baadae. Nitumie kwanza picha ya chasisi na volti za betri ndogo asubuhi kabla hujawasha." Mtu anayeuliza volti kabla ya kutaja bei ameshawahi kuona boksi ikifa. Wale watatu wengine niliowaandikia walinitajia bei ndani ya dakika tano.

Mkubaliane jinsi ya kulipa. Kusoma namba kuna bei yake, kuandika kuna yake. Akisoma akakuta programu yako ndiyo ya mwisho, unalipa kusoma peke yake na safari imekwisha. Hilo si hasara, umejua kwamba tatizo liko kwengine.

Siku ya kazi

Chagua asubuhi, kivulini, pahali penye umeme wa uhakika. Umeme wetu Unguja unakuja kwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na aliyekuwepo hapa kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu, hahitaji kuhimizwa kuwa na akiba. Laptopu iwe imejaa chaji na pia imechomekwa. Kifaa cha kushikilia volti kipitie kwenye UPS au inveta. Na ikiwa mnafanyia nyumbani, tazama Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti ngapi kabla ya kuanza. Umeme ukikatika kwa sababu yuniti zimekwisha, boksi haitajua tofauti.

Mpangilio niliouona, na nilioushika kwa kila gari tuliyoifanya baadae, ni huu:

1. Chomoa kidude chako cha OBD, zima Bluetooth kwenye simu zote zilizo karibu, chomoa na waya wa kuchajia betri kubwa. Hiyo betri kubwa iwe na chaji ya kutosha, nusu na kuendelea.
2. Teremsha kioo cha dereva. Umeme ukifa ndani, utaweza kuingiza mkono.
3. Zima kiyoyozi, feni, redio, taa. Funga milango yote ili taa za ndani zisiwake. Watoto washuke.
4. Funga vibanio vya kifaa cha volti kwenye kibetri kabla ya kuwasha chochote, na uache mita ikiwa imeunganishwa mahali ambapo fundi anaiona.
5. Fundi aunganishe kiboksi chake kwa waya wa USB, si kwa waifai. Azime usingizi wa laptopu, masasisho yake yenyewe, na kinga ya virusi.
6. Asome boksi zote, ahifadhi kodi zote, apige picha ya namba ya programu iliyopo.
7. Alinganishe namba hiyo na ile ambayo kifaa kinapendekeza. Wewe mwenyewe uione kwa macho.
8. Aandike. Hapo hakuna mtu kugusa gari, wala kufungua mlango, wala kubonyeza ufunguo mfukoni.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache mpaka nusu saa hivi, inategemea boksi. Kwangu fundi alikaa kwenye kigoda, laptopu juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na hakuangalia mstari wa kazi. Aliangalia mita. Ilikuwa inasoma 13.4, ikishuka 13.3, ikirudi. Muadhini alipoadhini adhuhuri mstari ulikuwa 88. Hakuinuka. Ulipofika mwisho na namba mpya ikatokea, ndipo alipokwenda kutawadha.

Kazi ikikwama

Usichomoe waya. Usitoe kichwa cha betri ndogo. Kosa kubwa zaidi kwenye gereji ya kwanza lilikuwa lile la kuchomoa kwa hofu. Hakikisha kwanza volti ziko sawa, kisha fundi aanze tena kutoka kwenye kifaa chake. Mara nyingi boksi iliyokatizwa huwa bado ina ile sehemu ndogo ya programu inayoiruhusu kupokea faili upya. Ndivyo gari yangu ilivyopona: umeme uliotulia, faili ile ile, kuanzia sifuri.

Isipokubali, tambua ni boksi ipi. VCM inaweza kubadilishwa bila ya kushusha betri. LBC iko ndani ya betri kubwa yenyewe, na kuifikia ni kushusha mzigo wa karibu kilo 300 na kufungua kisanduku chenye volti karibu 390 betri ikiwa imejaa. Volti hizo zinaua. Asiifungue mtu asiyekuwa na glavu za volti kubwa na mafunzo ya kuzivaa, hata kama ni fundi hodari wa injini na hata kama ni ndugu yako. Hii ndiyo sababu nimesisitiza kibetri kidogo kuliko kitu chochote hapa.

Baada ya kazi

Fundi afute kodi, azime gari, asubiri, awashe, asome tena. Kodi zikirudi zenyewe, kuna hitilafu halisi. Piga picha ya namba mpya. Kisha mjaribu gari pamoja kwenye njia iliyotulia: breki kwanza kwa mwendo mdogo, halafu ule uvutaji wa kurudisha chaji unapoachia mguu, halafu kuchaji.

Vijiti usivihukumu siku ile ile. Boksi ya betri inajifunza upya, na namba hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa. Iendeshe kama kawaida, mara nne au tano ishushe chini kisha uijaze mpaka mwisho kwa chaja ya polepole, ndipo upime. Yangu ilitulia kwenye SOH 83, vijiti 11. Betri ni ile ile, barabara ni zile zile, lakini sasa skrini inasema kweli na naweza kwenda Makunduchi na kurudi bila ya kuhesabu kilomita kwa wasiwasi.

Kwa walioko Pemba

Ushauri wangu ni kumsafirisha fundi, si gari. Laptopu, kiboksi na kifaa cha volti vinaingia kwenye mkoba mmoja. Gari inataka nafasi kwenye meli ya magari, ukaguzi bandarini Mkoani au Wete, na chaji ya kutosha pande zote mbili. Kusanyikeni watu watatu au wanne wenye Leaf, kila mmoja afanye hatua tatu za mwanzo kwake, mumpelekee fundi chasisi na volti zote kwa pamoja. Yeye apakue faili akiwa mjini penye intaneti nzuri, na aje nazo tayari. Gari ambayo kibetri chake hakijafika 12.6 asubuhi ya siku hiyo iondolewe kwenye foleni, mwenyewe akanunue betri Chake Chake kwanza.

Kama bado hujanunua

Muulize muuzaji gari ilitengenezwa kwa soko la nchi gani. Za soko la ndani la China, kwa mfano, menyu zake ni za Kichina na mawasiliano yake yamefungwa na mitandao ya huko, kwa hiyo sasisho la mtandaoni usilitegemee. Kwa Leaf ya Japani, omba chasisi kabla ya kutuma pesa na uitafute kwenye orodha ya wito. Ikiwa kuna sasisho halijafanywa, mtake muuzaji alifanye huko huko Japani kabla ya gari kupakiwa melini. Huko mlango wa wakala uko karibu na gari ina haki ya kuhudumiwa.

Vipimo vyangu vyote, vya kabla na baada, pamoja na picha za namba za programu, nimevichapa nikaviweka kwenye bahasha ndani ya dashibodi, nyuma ya kitabu cha Kijapani. Siku nikiiuza, bahasha itakwenda na gari.